Ufunguo wa Bi Kufuli

Mtaa mzima ulimwita shangazi yangu Bi Kufuli, na wengi hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila adhuhuri alifunga mfuniko wa chuma wa kisima chetu, akatundika ufunguo shingoni, akaenda zake. "Kiacheni kipumue, maji yapande," alisema. Watu wazima walimnunia kana kwamba anayaficha kabatini kwake.

Lakini aliyemchosha hasa ni baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja, fundi magari. Gereji yake iko juu kidogo ya kisima, na nyuma yake alichimba shimo la kumwagia oili chafu.

"Dada, ardhi inachuja," alijibu kila alipoambiwa, akifuta mikono kwa tambara.

Shangazi alimsema, mama akamsema, nikamsema mimi. Tulikuwa tunampigia mbuzi gitaa.

Asubuhi moja ndoo ya kwanza ilitoka na harufu ya gereji. Shangazi akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akafunga kisima papo hapo. Watu wakamjia juu. Yeye! Wakamwita roho mbaya, wakamwuliza nani kamfanya mwenye maji. Angetaja jina moja tu wangemwacha, lakini hakumtaja mdogo wake. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Jioni baba akaja na dumu, kama hakuna kilichotokea. "Dada, nifungulie kidogo, ya chai tu."

Akafungua. Akateka, akajaza kikombe, akampa kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima.

"Karibu, mdogo wangu. Ardhi imeshachuja."

Baba akakipokea. Juu ya maji palikuwa na utando wa rangi rangi. Akanusa, akakiweka chini taratibu.

"Mbona hunywi?"

Akaondoka na dumu lake tupu. Kesho yake alilifukia shimo, na tangu hapo oili chafu anaiweka kwenye mapipa. Ameamka, ila kumekucha zamani. Mvua zimekuja na kuondoka, na maji yananuka vilevile.

Siku hizi shangazi anapanga foleni kwa muuza maji kama sisi sote, ufunguo ungali shingoni. Juzi mama mmoja nyuma yake alimnong'oneza mwenzake, "Si ndiye huyu aliyetufungia kisima?"

Shangazi alisikia. Akasogeza ndoo yake mbele.