Paja la Mdenmark

Mimi sijui mpira, najua bukta. Kwa miaka saba nilifua nguo za timu moja ya Stockholm, na mpaka leo ukinitupia bukta chafu nitakuambia mwenyewe anacheza wapi. Mshambuliaji huchafuka magotini kwa kuangukaanguka akitafuta penalti. Kipa huchafuka popote, hana adabu. Beki wa kati ana doa moja refu la majani, kutoka nyonga hadi karibu na goti, doa la mtu aliyejitupa chini kumzuia mwenzake asipite. Doa hilo halitoki kwa sabuni peke yake. Ukikuta bukta ya beki haina doa hilo, ujue wiki hiyo alikaa benchi.

Nilipata kazi ile zama za simu za vitufe, wakati kumpigia mama yangu Uvira, kule Kongo, kulitaka kadi ya kukwangua. Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha ofisi Kista, ambako mtu anaweza kukupita mwaka mzima bila kujua una sura gani. Kwenye chumba cha kufulia angalau walinijua kwa jina, ingawa kila mmoja alilitamka anavyotaka.

Mdenmark alikuja kwenye timu akiwa na miaka ishirini na tisa. Wenzake walizivua soksi na kuzitupa kapuni zimegeuka ndani nje, matope yamefungiwa humo humo. Yeye alizigeuza, akazikung'uta mlangoni, akaniletea mkononi. Mwanamke aliyelea watoto watatu na mume mmoja anajua thamani ya mwanamume anayegeuza soksi zake. Nilimpenda kwa hilo, na nasema mapema wambea wakae kimya: nilimpenda kama unavyompenda jirani mstaarabu.

Kiswidi changu kilikuwa cha shule ya jioni ya wageni. Yeye alisema Kidenmark chake kile kile, na Waswidi walidai hawakielewi, wakamwambia arudie. Na mimi kila siku naambiwa nirudie. Basi tukawa wawili wa kurudiarudia. Mazoezi yakiisha alikaa juu ya kapu la nguo lililofunikwa, kikombe cha kahawa mkononi, tukaongea polepole kama wazee.

Habari zake nilizipata vipande vipande, mashine ikizunguka. Alizaliwa mji mdogo wa bandari, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita, timu ya pale ilipompa mkataba wa kwanza. Akapanda timu kubwa zaidi, wakachukua kombe, na yeye ndiye aliyeuondoa mpira kwenye mstari wa goli dakika za mwisho. Hakuna aliyelikumbuka hilo, alisema, kwa kuwa watu hukumbuka mipira iliyoingia. Kisha Ujerumani, misimu miwili benchi, hadi akajua majina ya watoto wote wa dereva wa basi. Timu ya taifa ilimwita mara moja. Alipasha misuli moto dakika ishirini kando ya uwanja, halafu kocha akamwingiza mwingine.

"Ndiyo historia yangu ya kimataifa," aliniambia. "Kupasha."

Mwaka wake wa pili shingo ilimkaza, akawa anageuka mwili mzima kama anayebeba ndoo kichwani. Nilicheka, kisha nikamwambia akae chini. Mama yangu ni mkandaji. Mtaani kwetu mzazi akijifungua anaitwa yeye, mtu akianguka na baiskeli anaitwa yeye, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia beseni. Maji ya moto, chumvi, kitambaa kizito, na mawese ya kulainisha. Chupa ya mawese nilikuwa nayo kwenye kabati kwa ajili ya mikono yangu, maana sabuni ile ilikuwa inaichana. Nilimkanda shingo mara mbili, ikalegea. Akawa ananiita daktari, nami kichwa kikavimba. Siwezi kukataa.

Alipofika miaka thelathini na tatu, kocha alimwita na kumwambia maneno machache tu. Amalize msimu akiwa uwanjani, atapewa mwaka mmoja zaidi. Akikosekana, kuna kijana anasubiri nafasi yake, na akishaipata hataombwa kuirudisha. Msimu wa Uswidi unaisha Novemba, nasi tulikuwa Septemba. Alinieleza haya akiangalia vidole vyake.

"Mimi kazi yangu ni kuzuia watu wasipite," alisema. "Sina nyingine. Nje ya hapa nani ataniajiri nizuie watu?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Mkataba mwingine hakuuona popote. Kwa umri ule, nani angemchukua? Mwaka ule mmoja ulikuwa ndio kila kitu alichokuwa nacho.

Alhamisi moja mazoezini goti la mwenzake lilimwingia kwenye paja la kulia. Alisimama mbele ya watu akitabasamu, akamaliza mazoezi. Saa nane mchana akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango, na nikaona midomo yake imepauka. Akapandisha bukta. Paja lilikuwa limeumuka, ngozi imekaza, ukigusa ni moto.

"Nenda kwa daktari," nilimwambia.

"Daktari ataniandika, Jumapili sichezi. Kijana atacheza vizuri, na mimi nimekwisha. Uliniponya shingo. Tafadhali." Mtu mrefu vile, mikono ya kubeba mlango, alikuwa anataka kulia.

Sasa nifike pale pagumu. Mama yangu ana sheria moja aliyonifundisha nikiwa sijaota hata ziwa: paja lililogongwa halikandwi mpaka siku tatu zipite. Siku hizo tatu ni kitambaa cha maji baridi na kulala, kwa sababu damu ndani bado inatembea, inatafuta pa kukaa. Ukiikanda unaitawanya. Nilimwona akiwarudisha watu wanaolia mlangoni kwa ajili ya sheria hiyo, hata shemeji yake mwenyewe. Ningeweza kukwambia kwamba miaka ya ugenini ilinisahaulisha. Haikunisahaulisha. Niliikumbuka nikiwa nawasha birika.

Lakini miaka yote ile nilikuwa mama wa bukta. Mwenye kunisalimia alinisalimia akitafuta soksi yake. Na leo mtu aliyezungukwa na madaktari na mashine zao amewapita wote akaja kwangu, ananiomba mimi. Kiburi kilinishika, na huruma nayo, sijui ipi ilitangulia. Nikamimina maji kwenye beseni, nikatia chumvi, nikamwambia aume taulo.

Nilimkanda Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili alicheza, wakashinda. Jumatatu bukta yake ilikuja na doa lake refu la majani, na mimi, Mungu anisamehe, nililifua nikiimba.

Wiki iliyofuata uvimbe ulirudi, tukaukanda. Wiki ya tatu haukuwa uvimbe tena. Kitu kigumu kilianza kujikusanya katikati ya paja, na kila nilipokibonyeza alipiga kapu ngumi. Nikajiambia ni damu iliyovilia, itayeyuka, nikazidisha moto. Uwanjani alianza kuchelewa. Binti yangu mkubwa, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, alinisomea gazeti tukiwa kwenye treni tunarudi nyumbani Hallunda. Waliwapa wachezaji alama, na Mdenmark alipata ya chini kuliko wote.

"Mamma, han är slut," alisema.

"Amekwisha nani? Funga hilo gazeti," nikamjibu, na abiria wakageuka.

Jumamosi ya wiki hiyo nilinunua kadi, nikampigia mama. Nilimweleza ugumu ule kama habari ya mtu mwingine. Akaniacha nimalize.

"Ulimukanda siku ya ngapi?"

Nikamwuliza habari za majirani.

"Mi nakuuliza, wee mtoto. Siku ya ngapi?"

"Siku ile ile, mama."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya moto."

Nilisikia akivuta pumzi huko Uvira. "Mi nilikufundisha nini? Damu yenye iko inatembea, weye unaenda kuichokoza! Ile kitu si damu tena. Usimuguse. Usimuguse tena hata kidole, aende kwa dokta." Kadi ikaisha kabla hajamaliza kunigombeza, na afadhali angeendelea.

Jumatatu nilimwambia Mdenmark aende kwa daktari. Sikumwambia kwa nini. Akanisihi nimkande mara moja tu kwa ajili ya mechi ya Jumapili, nikakataa, akasema nimemtupa kama wengine. Hakuja siku tatu. Siku ya nne alishindwa kukunja goti kuvaa kiatu mbele ya timu nzima, wakampeleka.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa. Ndani ya nyama ya paja, mahali ambapo hapana mfupa kwa binadamu yeyote, palikuwa pameota mfupa mrefu kama kidole. Alinieleza mwenyewe akiwa kwenye magongo, akinionyesha urefu kwa kidole chake. Wiki nyingi za kupumzika, pengine miezi, pengine kisu. Novemba haikuwepo tena katika hesabu hiyo. Nilikuwa nimeshika rundo la jezi, nikaanza kuzikunja upya.

Hatujamaliza maongezi mlango ukafunguliwa, daktari wa timu akaingia na bukta nyeupe mkononi. Ilikuwa ya Mdenmark. Kwenye pindo palikuwa na doa la rangi ya machungwa, la mawese. Nililijua doa lile. Nilikuwa nimeliloweka usiku kucha, nimelisugua kwa limau, nimelianika mbele ya dirisha, likapauka tu, halikutoka.

"Kuna mtu amekuwa akilisugua paja hili," daktari alisema, akimtazama yeye. "Na kwa nguvu. Goti likikuingia vile hakuna kusugua, damu itageuka mfupa, hata mtoto wa timu ya watoto anajua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayefua, hii ni nini?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Kutu. Ya mashine."

Nilisema hivyo. Nina watoto watatu, nina kodi, nina kazi niliyoisubiri miaka. Lakini wakati ule sikufikiria hata kimoja kati ya hivyo. Niliogopa tu, kama mwizi.

"Ni mimi," Mdenmark alisema. "Nilinunua mafuta dukani, nikajisugua mwenyewe nyumbani, Sundbyberg."

Daktari akamwambia basi umejimaliza mwenyewe, akaitupa bukta kapuni na kutoka. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, ila ilimpata mtu asiyestahili. Kocha hakuhitaji maelezo marefu baada ya hapo. Mchezaji anayeficha jeraha na kujitibu kwa siri hapewi mwaka mwingine, na kijana alikuwa ameshavaa namba yake.

Alikuja kuaga katikati ya Novemba, saa tisa, nje kukianza kuwa giza. Magongo alikuwa ameyaacha, ila alichechemea. Alikuwa anarudi kwao, kwenye mji wa bandari, kukaa kwa dada yake mpaka ajue la kufanya. Alinishukuru. Akasema katika miaka yake yote ya mpira mimi peke yangu sikumuuliza lini atapona, nilimshika tu nikajaribu. Alivyosema vile sikuweza kuvumilia. Ningemwacha aende na shukrani ile, ningekuwa mtu gani?

"Nilijua," nikamwambia.

"Ulijua nini?"

Nikamweleza sheria ya mama. Nilieleza vibaya, Kiswidi kikinikimbia, ikabidi nirudie, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikamwambia kwamba siku ile niliwasha birika huku naikumbuka, na kwamba nilitaka niwe mimi, si daktari. Nikalia. Nilingoja anipige au anitukane, na kwa kweli nilitaka anitukane.

Hakunitukana. Alisimama akishika ukingo wa mashine, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Akavitazama vile vidole vitatu.

"Jumatatu ungenikanda," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ningekosa mechi moja."

Alilirudia, mara moja kwa Kiswidi, mara moja kwa lugha yake: mechi moja. Kisha akajifunga koti mpaka shingoni na kutoka, akishika ukuta pale penye ngazi mbili, nami nikamsikia akizishuka moja moja.