Sinia Moja kwa Sahani Tano

Sinia za mtaa wetu hukaa kwetu. Zimepangwa nyuma ya kochi na kufunikwa kanga kuukuu, na mgeni akiegemea sana zinagongana. Ni za alumini, pana, za kupakulia pilau, na ni mali ya chama cha kina mama wa hapa Timbwani. Kukiwa na harusi au msiba, wanachama huja kuzichukua kwetu na huzirudisha kwetu.

Sisi ni watu wa bara. Baba alikuja kufanya kazi bandarini, na mwanzoni mama hakuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mwenye duka. Kisha mwenyekiti wa chama, jirani yetu wa nyumba ya pili, akamwambia, "Nyumba yako haivuji. Tuwekee sinia zetu." Tangu hapo mlango wetu hugongwa, na anayegonga hukaa kidogo akazungumza. Kwa hiyo mwaka huu mwenyekiti aliposema sinia ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na harusi ya binti yake ifanywe kwa sahani za kutupa, nilijua mama anapoteza nini. Yeye aliendelea kuchambua mchicha, akamaliza, akauchambua tena ule ule.

"Nimechoka kusugua mafuta," mwenyekiti alikuwa amesema. "Watu wale, watupe, tulale."

Wakati huohuo mwalimu wetu wa bayolojia, ambaye ndiye mlezi wa chama cha mazingira shuleni, alitupa kazi. Kila mmoja achague kitu kinachotumika nyumbani, akifuate tangu kinapotengenezwa hadi kinapotupwa, aone kinaharibu nini njiani. "Msiniletee habari za takataka peke yake," alisema. "Takataka ni mwisho wa safari. Nataka safari nzima."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Darasani hujibu nikiliangalia dawati. Lakini kazi ya namna hii naiweza kuliko yeyote katika kidato chetu, na sijisifu, hata mwalimu anajua. Nikachagua sinia na sahani za kutupa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kumuuliza wanavyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepata sauti?"

Nilimweleza kazi yangu. Alinisikiliza huku akipepeta mchele, halafu akasema, "Haya. Ijumaa baada ya Alasiri tunakutana hapa. Njoo utuambie hesabu yako inasemaje, nasi tutaifuata. Mimi si mkaidi."

Nilitaka kukataa, lakini mimi kumwambia mtu mzima "la" hunishinda. Nikasema haya, nikaondoka.

Nilianza na sahani za kutupa. Ni karatasi, kwa hiyo kuna miti iliyokatwa mahali, na zimepakwa utando wa plastiki ili mafuta yasipenye. Zinakuja kwa meli. Watu wakishakula zinachomwa shimoni nyuma ya nyumba, moshi unaingia madirishani, na zilizopeperushwa na upepo zinaishia kwenye mtaro, ambao mvua za masika zikija tunajua wenyewe unavyofurika. Sinia nazo zilianza vibaya zaidi: mawe yamechimbwa, yameyeyushwa kwa umeme mwingi sana. Ila hilo lilifanyika mara moja tu, na sinia hizi zimenizidi umri. Zikichakaa huyeyushwa zikawa sufuria. Nikaona nimeshashinda.

Halafu nikafika kwenye kuosha. Pilau ya harusi hujaa mafuta bila haya. Maji yetu huletwa kwa mkokoteni, mitungi kwa mitungi, kutoka kisima kinachovutwa kwa pampu. Huchemshwa kwa makaa, na makaa ni miti ya Kwale. Kila sinia inasuguliwa kwa makumbi ya nazi na sabuni, inasuuzwa, inasuuzwa tena, harusi baada ya harusi. Niliweka sahani moja upande huu na sinia moja upande ule, nikajumlisha kila kitu. Sahani ya kutupa ikashinda. Nikarudia. Ikashinda tena.

Nilimwambia mama alipokuwa anapiga pasi.

"Umehesabu vizuri?" akauliza.

"Nimehesabu."

"Basi sema hivyo hivyo. Usiniangalie mimi."

Alhamisi kulikuwa na hitima kwa jirani, na sisi wasichana tukaketishwa kwenye sinia moja. Bi harusi mwenyewe, binti wa mwenyekiti, alikaa kando yangu. Huyo simwonei haya, tumecheza pamoja.

"Kula mbele yako, mtoto wa bara," akaniambia. "Ukivuka kuja kwangu nitakukata mkono."

"Nyama yote iko upande wako."

"Imejichagulia mwenyewe."

Tulikuwa watano. Niliitazama ile mikono ikiingia na kutoka, nikaacha kutafuna. Nyumbani kwetu kila mtu ana sahani yake. Tangu nimezaliwa, chakula kichwani mwangu ni sahani moja mbele ya mtu mmoja, na ndivyo nilivyokuwa nimeandika: sinia moja dhidi ya sahani moja. Mtoto aliyezaliwa na watu wa hapa asingekosea hivyo hata akiwa usingizini. Sinia ile ilikuwa inalisha watano. Niliyepaswa kumhesabu ni mtu aliyeshiba, mimi nikahesabu vyombo.

"Mbona umeganda?" bi harusi akauliza.

"Nimekosea hesabu."

"Wallahi wewe, hata pilau unaifanyia hesabu."

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, safari hii kwa watu watano walioshiba. Sinia ilishinda kwa miti, kwa moshi na kwa taka, tena kwa mbali. Kwa maji haikushinda. Ilikaribia tu, na hapo ni iwapo mwoshaji hamwagi maji ya moto ovyo. Hilo nililiandika pia. Ningelificha, ningekuwa namwombea mama tu, na yeye hakuniomba hivyo.

Ijumaa kina mama walijaa barazani kwa mwenyekiti. Mama alikaa pembeni karibu na viatu. Nilisimama nikaanza.

"Sauti, mwanangu," mmoja akasema. "Wengine tumekuja na masikio ya zamani."

Niliutazama mkeka, nikasema yote: nilivyokosea kwanza, sinia inavyolisha watano, na habari ya maji. Kadiri nilivyoendelea niliacha kuutazama mkeka, kwa sababu nilikuwa nakijua ninachokisema.

Nilipomaliza, mwenyekiti akainua viganja vyake. "Na mikono yangu? Umeiweka wapi kwenye hesabu yako?"

"Sikuiweka," nikajibu. "Nimehesabu miti, maji, moshi na taka. Mikono haimo."

"Basi haijakamilika."

"Haijakamilika, mama. Lakini mikono si lazima iwe yako. Upande wa wanaume sinia huwa nyingi kuliko kwetu, na sijaona mwanamume akiosha hata moja."

Wakaangua kicheko. "Mume wangu aoshe sinia?" mmoja akasema. "Ataitoboa."

"Akitoboa atanunua," mwingine akajibu.

Mwenyekiti alicheka mwisho, bila kupenda. "Haya. Haziuzwi. Vijana wa kiume wataosha za upande wao, nikianza na wanangu. Wakigoma, harusi inayofuata naleta sahani za kutupa, na mtu asinisomee hesabu." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mbona umekaa mlangoni kama mgeni? Siku ya harusi nakutaka jikoni tangu alfajiri. Usiniletee sinia ukakimbia. Vitunguu si unajua kukaanga?"

"Kuliko wewe," mama akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu mtu hivyo katika baraza lile. Walimpigia vigelegele, naye akasogea akakaa katikati.

Harusi imepita. Vijana waliosha, wakirushiana povu, na walitumia maji mengi kuliko mama zao. Hilo nimeliongeza kwenye kazi ya mwalimu, kwenye sehemu ya kuosha, maana kwa maji ya vijana wale sahani ya kutupa inashinda waziwazi. Nimemwambia na mwenyekiti. Amesema wataoshea kwenye beseni, kwa zamu, mama akiwasimamia. Mama amekubali, na ameshawaambia wenyewe.