Sukari Ilipofunguliwa Mlango

Sifa ni kwa Mungu aliyeumba milima hii ya majani chai, na akaumba pia chembe ya mwili isiyoonekana kwa macho, akaipa kazi yake.

Nilipopatikana na ugonjwa wa sukari, watoto wangu walinipa heshima ambayo nusura inimalize. Kwetu Roret, mzee akiugua haguswi na kazi. Nilinyang'anywa kikapu changu cha kuchumia chai, nikawekewa kiti kando ya jiko, nikaletewa uji na viazi. Vidonge nilimeza bila kukosa, lakini sukari ilizidi kupanda, na maandishi ya Biblia yakaanza kuniyeyukia. Mimi ndiye msomaji wa Neno kanisani kwetu. Niliogopa upofu kuliko kifo.

Kwenye kliniki ya Bomet, daktari wa umri wa wajukuu wangu alitazama majibu ya damu.

"Mzee, sukari imejibandika kwenye protini za damu yako. Ikiendelea hivi itaharibu macho. Siku hizi unafanya kazi gani?"

"Kukaa."

Alicheka, kisha akanieleza. Msuli ukifanya kazi, chembe zake hubandika kemikali ndogo iitwayo fosfeti kwenye protini fulani. Protini iliyobandikwa hivyo hubadilika tabia: inaamka, inatoa amri, na milango ya sukari inasogezwa hadi ukingoni mwa chembe. Sukari iliyokuwa ikizurura kwenye damu inaingia, inachomwa, inakuwa nguvu.

"Vidonge endelea navyo," alisema, "lakini misuli yako imelala."

Kesho yake nilichukua kikapu. Mwanangu akaja mbio.

"Baba, majirani watasema tumekutupa!"

"Waambie daktari ameniandikia kazi."

Wachumaji hawakunihurumia. "Kugo, babu yetu, unachuma majani au unayasalimia?" mama mmoja aliuliza, na shamba zima likacheka. Nilichuma, nikapumzika, nikamshukuru Mungu, nikaendelea, kila asubuhi kabla ya mvua ya alasiri. Hata ikafika siku yule mama aliinua kichwa akaniona mbele yake. "Nani amemwachia huyu babu njia?"

Niliporudi kliniki baada ya miezi kadhaa, sukari iliyojibandika kwenye damu ilikuwa imeshuka hadi mahali pazuri. "Macho yako yako salama, mzee," daktari akasema. Nilipaza haleluya, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaitikia amina.

Jumapili hiyo nilisoma zaburi nzima bila kuazima macho ya mtu.

Nawe unayesoma haya, Bwana akulindie macho yako, aiamuru kila chembe ya mwili wako itende kazi yake kwa amani, na akupe nguvu za kuamka kesho ukimsifu.