Upepeo wa Bi Rozalia

Kanisa letu lilinuka mafuta ya taa. Mgeni akiingia alisikia ubani akaona amefika pahala patakatifu, lakini sisi tuliokaa kwenye yale mabenchi tulijua kilichokuwa chini ya ubani, maana kila Jumamosi kina mama waliyapaka mafuta kwa matambara ili mchwa wasiyale. Jumapili nzima gauni langu lilinuka jiko. Aliyewasimamia kina mama hao alikuwa bibi yangu, Bi Rozalia, mama yake mama, na ndiye aliyesimamia utulivu wote ndani ya kanisa lile la Mji Mkongwe. Hakupewa cheo na mtu. Alikaa tu mwisho wa benchi la nyuma, kanga kichwani, upepeo wa ukindu mkononi, na mtoto akigeuka nyuma, au akitafuna, au akichezesha miguu, upepeo ulimshukia utosini. Pa! Haukuumiza. Uliaibisha, basi. "Hapa si sokoni," alisema kwa sauti ya chini, na hata watu wazima walijiweka sawa.

Mimi niliupata upepeo huo kuliko wote, kwa kuwa nilikaa ubavuni mwake. Tulikuwa tukiishi Michenzani, ghorofa ya nne, mama, Bibi na mimi, na kila Jumapili tulikwenda kwa miguu, tukakatiza Darajani kabla maduka hayajafunguliwa, Bibi mbele, sisi nyuma. Njiani alinifundisha. Ukiingia usitazame nani kavaa nini. Kengele ikilia, hata pumzi ivute taratibu. Mungu anasema, lakini hapigi kelele; ukimkatiza anaacha. Niliamini yote. Nilikuwa na miaka kumi na nilidhani kikohozi changu kingeweza kumnyamazisha Mungu.

Masika ya mwaka ule ndiyo yaliyotuharibia. Bibi alianza kwa kusahau birika jikoni, kisha akawa ananiita kwa majina ya dada zake waliokwisha kufa. Halafu Jumapili moja, padri akiwa katikati ya mahubiri, aliinuka, akaenda hadi benchi la mbele, akampiga Mzee Ambrosi upepeo wa utosi. Mzee Ambrosi alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwenye wajukuu. "Kaa kitako vizuri, we mtoto!" Watu walicheka, na Mzee Ambrosi mwenyewe akacheka. Jumapili ya pili alipiga watu wanne. Ya tatu alimfuata padri altareni, akamwambia, "Baba, hebu nyamaza kidogo, watu wanasali." Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mama alikwenda kumchukua huku machozi yanamtoka, na mimi nikakodolea macho sakafu kwa haya.

Jumatano Mzee Ambrosi alikuja nyumbani. Alikunywa chai, akasifu maandazi, akazunguka weee, ndipo akalitoa: Bibi apumzike nyumbani, padri atakuwa anamletea komunyo huku huku. Bibi alikuwa hapo hapo na ungo mapajani, anachambua mchele. Akainua uso akauliza, "Nani huyo anayekatazwa kanisa? Masikini, kafanya nini?" Mzee Ambrosi hakuweza kumtazama. Mama alimwomba Jumapili moja tu. "Akitulia, aendelee kuja. Asipotulia, nshakubali, sitamleta tena." Baadaye aliuchukua upepeo wa Bibi, akanipa mimi niushike.

Jumapili hiyo tulimweka katikati yetu. Masomo yakapita, mahubiri yakapita, Bibi katulia, na mimi naomba moyoni bila kupumzika. Kisha kengele ikalia. Kanisa zima kimya, mvua tu juu ya bati, na Bibi akasimama. "Mama! Mama wee! Mbona umeniacha?" Vichwa vyote viligeuka. Mama alimshika mkono, Bibi akauchomoa na kuita tena, kwa nguvu zaidi. Nilimwona Mzee Ambrosi anainuka kutoka benchi lake. Sikujua la kufanya, jamani, isipokuwa lile moja nililofundishwa. Niliinua upepeo, nikampiga nao kichwani. Pa!

"Hapa si sokoni," nikamwambia.

Bibi akakaa. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani, akanitazama kwa woga wa mtoto aliyekosa. Akasema, "Shikamoo."

Alitulia hadi mwisho wa misa. Mlangoni Mzee Ambrosi alinishika bega akanisifu, na mama alimshika Bibi mkono njia nzima mpaka Michenzani. Basi Bibi akaendelea kuja. Kila Jumapili nilikaa naye na upepeo wangu, naye hakuinuka tena, hakuita tena, alinichungulia tu kwa pembe ya jicho. Tulimzika kabla ya Krismasi.

Leo kanisa hilo lina feni za umeme na vipaza sauti, na mabenchi yamepakwa vanishi. Simu zinalia wakati wa sala, watoto wanakimbizana hadi altareni, na wenzangu wananigeukia: wewe mjukuu wa Bi Rozalia, sema neno basi, utaratibu umekufa. Wana haki. Mimi mwenyewe natamani ule ukimya, kwa sababu ndani yake nilikuwa nasikia kitu, na sasa sikisikii. Lakini mtoto akipita mbele yangu anapiga kelele, na mama yake ananitazama kwa hofu, mkono wangu hauinuki na neno halitoki. Sina dawa ya hilo. Upepeo ninao bado, kabatini, ukindu umeanza kukatika. Watu wengi walioniona nikimpiga wamekwisha kufa. Salamu yake aliisikia mama peke yake, na hata yeye hakusikia jibu langu. Nilimwitikia. Nilisema "Marahaba," polepole, nisiwasumbue waliokuwa wanasali.