Plasta ya Thomu Kwenye Sinia la Posa

Somo yangu, nakwambia wewe kwa sababu najua hutanicheka mbele za watu, maana aibu niliyoipata Ndia Kuu kwa kina Rukia, hata leo nikipita mtaa ule nashusha ninja nifiche uso.

Nilikuwa na chunjua mbili, moja kwenye kidole cha mkono wa kulia, nyengine chini ya kisigino, nikikanyaga ni kama kuna kijiwe kiatuni. Duka la dawa wakanipa dawa ya asidi ya kupaka, lakini ikikauka inaacha utandu kama rangi ya kucha, nami nikaingia wasiwasi, na udhu wangu je, maji yatafikaje? Badala ya kuuliza (na mimi huyo nasoma ngumbaru kila jioni, mwalimu anatuhimiza tuulize), nikafuata maneno ya jirani: ponda thomu, hicho kitunguu saumu, funga na plasta, ukitaka kuswali unabandua.

Basi siku hiyo tumealikwa chakula, mwanangu Salim amemposa Rukia na jibu bado. Adhuhuri nikatia udhu pale pale kwao, plasta ya kidole nikaibandika ndani ya mkono wa buibui niirudishe baadaye. Likaja sinia la biriani, kapika Rukia mwenyewe, tukalizunguka, na mkono wangu umeshaingia ndipo nikapapasa buibui, plasta hakuna. Nikatazama mkekani, mapajani, nikawa nausoma ule wali punje kwa punje huku nacheka na watu.

Wifi yangu Zuhura, ambaye alimtakia Salim msichana mwengine, akaivuta kutoka chini ya kiazi.

"Kapika nani?"

"Rukia," mamake akajibu.

"Basi mpishi ana kidonda."

Rukia amesimama na birika la maji, akaitazama mikono yake, safi, machozi yanamlenga. Na hakuna aliyejua, somo, ningenyamaza yangeishia kwake, na posa ingeishia hapo.

"Ni yangu," nikasema. "Nina chunjua." Nikakitoa kidole, chekundu, thomu imekichoma mpaka kimetoa lengelenge.

Mamake Rukia akanishika mkono, akaugeuza, akaunusa, akaniambia pole pole, "Thomu kwenye biriani twatia, dadangu, lakini plasta twaivua kwanza."

Walicheka wote isipokuwa Zuhura na mimi. Sinia likaondolewa, nikarudi nyumbani nikijua nimemharibia mwanangu, na kila simu ikilia naomba Mungu isiwe wao. Siku ilipokuwa wao, mamake Rukia akasema, "Mkwe wa kusema 'ni yangu' twamtaka, ila aje bila plasta."

Daktari naye alinikaripia. Thomu inachoma ngozi nzima na chunjua inabaki pale pale. Ile asidi ndiyo ya kuanza nayo, unaroweka maji ya moto kiasi, unasugua, unapaka, na unasubiri wiki nyingi. Ya kidole kidonda kipoe kwanza, ikikaidi waigandishe kwa baridi, ingawa inauma na yaweza kurudi. Na ustadhi nilipomuuliza hatimaye, akanijibu kwa neno moja tu: paka asidi baada ya Isha, Alfajiri ubandue utandu ndipo utie udhu. Chunjua ya kisigino inakwisha sasa.

Thomu yangu mie ni ya jikoni tu, mpaka nife. Nawe ukimwona mama yeyote anaficha kidole, msimulie haya, hata ukinitaja jina sawa.