Gitaa Nililolilaza Mapajani

Siku mkono wangu wa kushoto ulipoingia kwenye mashine ya kumenya kahawa, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu babu yenu anisamehe huko aliko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mkono wa kulia ulizungusha mashine, wa kushoto ulisukuma kahawa mbivu, na kichwa kilikuwa kwenye wimbo. Kidonda kilipona, lakini kidole cha kati na cha pete vilikunjika, na hadi leo havijanyooka.

Sasa elewa jambo moja. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mpiga gitaa wa kwaya ya vijana kwenye usharika wetu, huku juu mlimani Meru. Msichana kupiga gitaa kanisani! Watu walitoka vijiji vya juu kuja kuniangalia tu, nami nililijua hilo, nikaringa vya kutosha. Mashindano ya kwaya yalikuwa yanakaribia. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Akundaeli, alikuja nyumbani, akautazama ule mkono, akasema kwa upole kwamba nafasi yangu atapewa Naftali, kijana mwenzetu wa kwaya. Nililia mpaka mama akalificha gitaa chini ya kitanda.

Mama aliona nitanyauka pale nyumbani, akanipeleka mjini, Lemara, kwa kaka yake. Mjomba Elifasi alikuwa fundi wa redio, mtu wa maneno machache na santuri nyingi. Mzungu mmoja mkulima alipohama alimwachia kasha zima, na humo zilijaa nyimbo za swingi, ule muziki wa dansi wa Wamarekani ambao mdundo wake unatembea huku ukiyumba, hata ukiketi kwa adabu mabega yanakusaliti. Mjomba alizipiga kutwa akiwa kazini. Kazi yangu mimi ilikuwa kupokea wateja na kufuta vumbi.

Siku ya kwanza aliweka santuri moja. Zikaja fidla, zikaja tarumbeta, halafu kitu fulani kikaanza kulia. Sauti ilitoka chini ikapanda pole pole, ikatetemeka, ikateremka tena. Nikacheka kwa dharau.

"Mjomba, itoe hiyo. Imepindwa na jua, unasikia inavyoburuza?"

Mjomba hakuinua hata macho. "Sawa, mwalimu," akasema, akaendelea kuchomelea waya wake.

Usinicheke. Nililelewa na Mwalimu Akundaeli. Nyimbo zetu tulijifunza kwa do, re, mi, kila noti mahali pake, na hapakuwa na kosa kubwa kwenye mazoezi kuliko kuburuza. Ukitoka do kwenda so, unaruka. Ukiteleza katikati, mwalimu anasimamisha kwaya nzima na kuuliza, "Nani anaburuza gunia huko nyuma?" Basi nilikuwa nimefundishwa kuichukia sauti ya namna ile, na kwa kiburi cha mtu anayejua kitu kimoja vizuri, nikadhani najua vyote. Wiki nzima nilizihukumu zile santuri. Kila niliposikia ile sauti nilisema, hii nayo imepinda.

Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi kwenye kasha, nikaona picha juu ya jalada. Mwanamume mwenye kofia pana ameketi, gitaa limelala mapajani mwake kama ungo wa mama anayechagua mchele. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi. Wa kushoto haubonyezi kitu. Umeshika kipande cha chuma, basi, kimelala juu ya nyuzi. Nikavitazama vidole vyake, nikavitazama vyangu, mwili ukanisisimka.

"Mjomba, huyu ndiye anayelia kwenye santuri?"

"Ndiye huyo."

"Ulijua? Siku zote hizi nilipokuwa nasema imepinda, ulijua?"

Akaweka koleo chini. "Nilijua. Ningeongea saa ngapi, na wewe hunyamazi? Umekaa hapa siku nane pamoja na kitu cha kukurudishia gitaa lako, ukakiita kibovu kwa sababu mwalimu wako hakukufundisha. Mimi nilitaka ukione mwenyewe. Sasa kaa, sikiliza mpaka mwisho, na mdomo ufunge."

Maneno yale yaliniuma, nisikufiche. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Lakini nilikaa. Nikasikiliza santuri moja mpaka mwisho, ya pili, ya tatu, na ndipo nikagundua kwamba hata hakuwa mtu mmoja. Kulikuwa na wapigaji wengi wa chuma, kila mmoja na tabia yake. Mmoja alikwenda mbio kama mvua kwenye bati. Mwingine aliivuta noti moja mpaka ukasahau kupumua. Wa tatu alikuwa mtani, gitaa lake likijibizana na tarumbeta kama majirani wanaochokozana uani. Watu wote hao walikuwa humo ndani ya kasha, nami nilikuwa nawafuta vumbi!

Mama alinitumia gitaa. Mjomba alichonga kibao kidogo akazinyanyua nyuzi zisiguse ubao wa shingo, akalegeza tatu ili zote zikipigwa pamoja ziimbe vizuri, akakata kipande cha bomba la chuma na kuking'arisha. Nikakishika. Vile vidole viwili vilivyokunjika vikakizunguka kile chuma vikakibana barabara, mwanangu, ungesema vilipimwa. Nilipiga kelele ya furaha, mteja mmoja mlangoni akarudi nyuma na redio yake.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza jirani yetu Mama Neema alikuja kuuliza kama tuna mgonjwa. Kuteleza kila mtu anaweza, kazi ni kufika. Ukipitiliza unywele mmoja umeharibu, ukipungukiwa umeharibu. Hapo ndipo Mwalimu Akundaeli aliponisaidia bila yeye kujua, maana noti alizonikaririsha tangu utoto zilikuwa kichwani, na nilijua kila moja inakaa wapi. Nilifanya mazoezi kuanzia chai ya asubuhi hadi mkono wa kulia ukafa ganzi.

Zilipobaki siku nane kabla ya mashindano nilipanda mlimani. Ilikuwa Jumamosi mchana, kwaya iko mazoezini. Niliingia na gitaa, nikamwamkia mwalimu, nikaomba nafasi ya wimbo mmoja. Naftali akanipa kiti. Nikalilaza gitaa mapajani na wasichana wa sauti ya kwanza wakaanza kuguna. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu na mlango akasema hayo ni mambo ya dansi.

Nilipiga ubeti mmoja. Mwalimu akanyanyua mkono.

"Unaburuza," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini nafika."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Mwalimu akasogea mbele yangu.

"So," akasema.

Nikateleza, nikafika so.

"Mi. La. Do ya juu." Akawa anataja haraka haraka, akiruka huku na huku kunitega, nami nateleza na kufika, nateleza na kufika, jasho linanitiririka mgongoni. Kwaya ikaanza kuimba noti anazozitaja ili kunipima, na kila walipoingia walinikuta nimeshafika. Mwishowe mwalimu akaacha kutaja. Akavua miwani, akafuta macho, akamgeukia yule mzee wa kanisa.

"Mzee wangu, binti huyu anazijua noti kuliko mimi."

Naftali, Mungu ambariki, akasema yeye atapiga mdundo kwa gitaa la kawaida, nami niongoze kwa chuma. Tukafanya mazoezi kila siku.

Kwenye mashindano kwaya zilikuwa nyingi, na sisi tuliitwa karibu na mwisho, watu wameshachoka. Ulikuwa wimbo wa mavuno tunaoujua wote, ila tuliupa ule mwendo wa swingi, unatembea huku unayumba. Gitaa lilipolia mara ya kwanza nilisikia watu wakiguna. Mara ya pili akina mama wakasimama. Kufikia ubeti wa tatu vigelegele vilijaa kanisa zima, na mzee wa kanisa aliyesema mambo ya dansi alikuwa anapiga makofi kuliko vijana. Tulichukua nafasi ya kwanza. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na sikujali nani ananiona.

Tulipotoka nje, watu walipanga foleni kunipa mkono. Nami nikawa natoa wa kulia kama nilivyofunzwa, kwa kuwa kwetu humpi mtu mzima mkono wa kushoto. Mwalimu Akundaeli, ilipofika zamu yake, aliukataa wa kulia. Mbele ya mchungaji, mbele ya mama yangu, aliuomba ule wa kushoto, akaushika kwa mikono yake yote miwili pamoja na vidole vilivyokunjika, akauinamia.

Basi mwanangu, nisikilize. Najua unavyoruka nyimbo kwenye simu yako kabla hazijafika ubeti wa pili, na unavyowaruka watu vilevile. Kitu kikikuchoma sikio mara ya kwanza, usikimbilie kukiita kibovu. Kaa nacho, uliza nani anapiga na anapigaje, sikiliza mpaka mwisho, kisha useme yako. Na walichokufundisha wakubwa usikitupe ukipata kipya. Nenda nacho huko huko kwenye kipya, utakihitaji. Zaidi ya yote, siku ukiumia na watu wazuri wakakwambia kwa upole kwamba umekwisha, washukuru kwa upole wao, na usiwaamini.

Mungu akupe sikio lenye subira na mikono yenye kazi. Akuinulie mtu atakayekukemea kwa wakati wake. Na utakapopata ushindi wako, mwanangu, uwe mchana kweupe, mama yako yupo anaona.