Kichupa cha Alizeti

Hasira hii nimekaa nayo miaka miwili, leo naitoa.

Mtoto wa kwanza alinichana vibaya. Nilishonwa, nikarudi nyumbani Mlandege, mwezi mzima nakalia tako moja, nikienda haja ndogo nang'ata khanga. Mimba ya pili, muuguzi wa kliniki akatuelekeza, mimi na mume wangu: nikiingia wiki ya thelathini na nne, nikate kucha, ninawe, nipake mafuta vidoleni, nikande pale chini mtoto anapopitia, taratibu, dakika chache. Hakuahidi miujiza. Alisema nyama inazoea kutanuka. Basi nikatenga kichupa cha mafuta ya alizeti chumbani.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Rujewa kusubiri nijifungue. Siku moja akasukuma mlango bila hodi, akanikuta. Yesu wangu! Wakati wa kula akakitua kichupa mezani, katikati ya wali na maharage, akamwambia mume wangu, "Mkeo anajichezea. Mimba kubwa hivi, hana hata haya!"

Nikaeleza. Mume wangu, aliyeyasikia ya muuguzi kwa masikio yake mwenyewe, akaikodolea simu macho. Mama akatoka na kichupa, akamwaga mafuta yote kwenye majivu.

Nilinunua mengine, nikafunga mlango kwa komeo. Nilikanda huku nalia kwa hasira, maana sikutaka kushonwa vile tena.

Nilijifungua salama, nyuzi mbili tu. Mama mkwe ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto. Siku ya tatu akauliza bila kunitazama, "Mbona mara hii unakaa vizuri?" Nikamwambia. Akakamua kitambaa weee, mpaka kikakauka. Kisha akasema yeye alichanika kwa mzaliwa wake wa kwanza, huyu huyu mume wangu. Alizalia nyumbani, hakushonwa, na mpaka leo akicheka sana anakimbilia chooni.

Ningemhurumia. Wapi! Maumivu yale aliyajua, na bado akamwaga mafuta yangu.

"Wifi yako kule Rujewa ana mimba ya miezi minane," akasema kwa sauti ya chini. "Nielekeze, nikamwambie."

"Hapana, mama. Mpigie sasa hivi, nimwambie mwenyewe. Na wewe ukae hapa hapa usikilize."

Akapiga simu, akakaa. Nikaanza na kucha.